Sauti Iliyoingia Umatini: Fani na Imani katika Ushairi wa W. H. Auden

Mwishoni mwa 1939, katika mtaa wa Yorkville jijini New York, ambako wakati huo waliishi Wajerumani wengi, mshairi Mwingereza W. H. Auden aliingia sinema na kukuta filamu ya kusifu ushindi wa majeshi ya Hitler nchini Poland. Kila Wapoland walipoonekana, baadhi ya watazamaji walipaza sauti wakitaka wauawe. Hawakuwa askari. Walikuwa watu wa kawaida waliokata tiketi, katika nchi ambayo bado haikuwa vitani. Auden alisimulia baadaye kwamba kelele zile zilimwachia swali ambalo hakuweza kulikwepa: alijua pasipo shaka kwamba watu wale wanatenda uovu, lakini angewaambia hivyo kwa mamlaka gani? Tangu ujana aliishi na fikra za Freud na Marx. Fikra hizo zilikuwa hodari wa kueleza kwa nini watu huchukiana. Hazikumpa pa kusimama aseme kwamba chuki ile ni batili hata kama ukumbi mzima unaifurahia. Kufikia mwishoni mwa 1940 alikuwa akihudhuria ibada katika Kanisa la Kiepiskopali.

Alirudi, hakuanza. Alizaliwa mjini York mwaka 1907, na babu zake wote wawili walikuwa makasisi wa Kianglikana. Mama yake, Constance, alipenda ibada za ubani na mishumaa, na mtoto alihudumu altareni akibeba chombo cha ubani. Alipofikisha umri wa miaka kumi na mitano hivi imani ilimtoka bila ugomvi. Baadaye, mwaka 1937, alipokwenda Barcelona wakati wa vita vya Hispania na kukuta makanisa yamefungwa, alishtushwa na mshtuko wake mwenyewe: hakudhani kwamba jambo hilo lingemgusa.

Habari hizi zinajulikana na zimeandikwa mara nyingi. Kinachonihangaisha kiko pengine. Wengi wanaohakiki kurudi huku husaka imani katika maudhui, wakihesabu palipotajwa Mungu, dhambi, Krismasi. Mimi naona tusome fani kwanza. Kwa Auden, swali la msingi wa maadili halikujibiwa kwa hoja; lilijibiwa kwa kubadili nafsineni, yaani msemaji wa shairi. Ukitaka kujua nini kilimtokea kati ya 1939 na 1954, uliza katika kila shairi: anayesema ameketi wapi, na anaposema “sisi” anamaanisha nani?

Tuanze na shairi maarufu kuliko yote, “September 1, 1939”, lililochapishwa katika jarida la The New Republic mwezi Oktoba mwaka ule, yaani kabla ya ile filamu. Lina beti tisa za mishororo kumi na mmoja, jumla mishororo 99. Mshororo ni mfupi, wa mikazo mitatu, umbo ambalo mshairi Yeats alikuwa amelitumia katika shairi lake la maasi ya Ireland ya 1916. Mikazo mitatu hupiga kama ngoma ya mchakamchaka: hata msomaji asiyekubaliana na hoja, miguu yake imekwisha kuifuata. Nafsineni ameketi peke yake katika baa ya mtaa wa 52, New York, ana hofu, anaitazama dunia. Kutoka kiti hicho anapita kwa Luther, kwa mji wa Linz alikosoma Hitler, kwa Thucydides, kwa maghorofa marefu ya jiji, kwa wafanyakazi wa asubuhi wanaojiapiza kuwa waaminifu kwa wake zao na kazi zao. Ni upeo mpana ajabu kwa mtu aliyeketi, na kwa beti kadhaa upana huo una ukweli, kwa sababu hofu ya mtu mmoja inasikika nyuma ya kila jina.

Kisha, katika ubeti wa nane, sauti inapanda. Nafsineni anaiacha hofu yake na kuwatolea watu wote amri ya kupendana, na amri hiyo inafungwa kwa kiunganishi cha kutenga: ama tupendane, ama tufe. Mshororo huu umependwa na mamilioni. Auden aliuchukia. Katika mkusanyiko wake wa 1945 aliuondoa ubeti mzima. Mwaka 1955 aliruhusu ubeti huo urudi katika antholojia moja, ila “ama” ikiwa imegeuzwa kuwa “na”. Kufikia mkusanyiko wa 1966 alikuwa amelitupa shairi zima, akilihukumu kuwa limejaa uongo usiotibika.

Sababu aliyoitoa ni nyepesi: tutakufa tu, tupendane tusipendane. Nadhani kiunganishi kile kilikuwa na kosa zito zaidi ya hilo. Kilijenga maadili juu ya faida. Kinampa msomaji sababu ya kupenda, na sababu hiyo ni kuokoa maisha yake. Msingi wa aina hiyo hausimami mbele ya ukumbi wa Yorkville, kwa kuwa wale waliokuwa wakipiga kelele hawakujiona wanakufa; walijiona wanashinda. Kwa mshindi, sharti la “ama” halina makali. Alipoweka “na”, Auden aliondoa tishio, lakini aliondoa pia sababu: kilichobaki ni taarifa kwamba viumbe hupenda na viumbe hufa, nayo haimzuii mtu yeyote kufanya lolote. Marekebisho hayo mawili yanaonyesha mtu anayejaribu kutengeneza kwa kiunganishi kile kilichovunjika kwenye msimamo wa msemaji. Yule “sisi” wa ubeti wa nane ni “sisi” ya mwalimu mbele ya darasa. Anajihesabu ndani kwa adabu.

Hata hivyo siungi mkono hukumu yake juu ya shairi zima. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 watu wa New York walilisambaza tena, wakasomeana, na hawakukosea. Mtu aliye na hofu katika kiti cha baa ni shahidi wa kweli. Uongo umo pale tu anapoinuka kuhubiri.

Wiki tatu baada ya Vita vya Pili vya Dunia kuanza, Freud alifariki London, na Auden akamwandikia tanzia ambayo kwa kusudi langu ni muhimu kuliko shairi la baa. Ushairi wa Kiingereza kwa desturi huhesabu mikazo. Akijifunza kwa mshairi Marianne Moore, Auden hapa aliamua kuhesabu silabi, jambo ambalo msomaji aliyelelewa na mizani ya Kiswahili ataliona la kawaida kabisa: 11, 11, 9, 10, ubeti baada ya ubeti. Tofauti ni kwamba katika Kiingereza silabi zikihesabiwa bila vina, sikio haliishiki hesabu. Mapigo yanayeyuka. Sauti inakuwa ya mtu anayeongea na mwenzake mezani, na sentensi inavuka mshororo hadi mshororo bila kuitikiwa na umati. Kabla imani haijarudi, fani ilikuwa imeanza kutafuta sauti isiyoweza kuimbwa katika maandamano. Nasema “kabla” kwa makusudi. Ndivyo ilivyokuwa hata pale sinema: Auden hakungoja kuamini ndipo ajue kwamba Wapoland hawapaswi kuuawa. Alijua kwanza. Imani ilikuja kama maelezo ya ujuzi alioukuta tayari moyoni na ambao falsafa yake haikuwa na mahali pa kuuweka. Wanaodai kwamba asiyeamini hana maadili hawawezi kumtumia Auden kama shahidi wao. Ushuhuda wake ni mwembamba zaidi na, kwangu, mgumu zaidi kuupinga: kwamba dhamiri yake ilidai zaidi ya kile ambacho mawazo yake yangeweza kulipia.

Mwaka 1941 ulimpiga mara mbili. Julai aligundua kwamba mwenzi wake, Chester Kallman, alikuwa na mtu mwingine. Agosti mama yake akafariki. Katika barua aliyomwandikia Kallman siku ya Krismasi mwaka uleule alikiri kwamba kwa nia, na karibu kwa kitendo, alikuwa amekuwa muuaji. Hapo swali la Yorkville liligeuza uso. Miaka miwili nyuma muuaji alikuwa yule wa kiti cha mbele anayepiga kelele. Sasa alikuwa ndani ya koti lake mwenyewe.

Katika miezi hiyohiyo aliandika oratorio ya Krismasi, For the Time Being, kwa kumbukumbu ya mama yake, akitumaini kwamba mtunzi wa muziki Benjamin Britten angeitungia muziki wote, lakini hilo halikutimia. Ilichapishwa mwaka 1944, na ni kazi ambayo sehemu zake hazilingani kwa ubora. Hotuba ya Simeoni, kwa mfano, ni teolojia nzito iliyokatwa na viitikio vya kwaya, na huko kwaya inaonekana imekuja kumpumzisha msomaji tu. Lakini hotuba ya Herode ni moja ya vipande vya nathari vilivyo bora katika karne ile, na umbo lake linastahili kusomwa polepole.

La kwanza ni kwamba ni nathari. Wachungaji na mamajusi wana beti. Malaika ana wimbo. Mfalme anayeamuru watoto wachanga wachinjwe anaongea kama mtawala mwenye elimu anayeandika taarifa ofisini. Anaanza kwa kuwashukuru waliomlea na kumfundisha, akiiga mwanzo wa Tafakuri za Marcus Aurelius, kaisari mwanafalsafa. Anaorodhesha maendeleo ya jimbo lake: biashara inakwenda, vyakula na vinywaji katika nyumba za wageni vina bei ya haki, watu wanapenda kulima bustani, giza la ushirikina limerudishwa nyuma hatua kwa hatua. Tunampenda. Sentensi ni ndefu, zina vishazi vinavyosubiriana kwa adabu, kila dai lina ushahidi wake. Kisha anaeleza hatari ya mtoto aliyezaliwa: watu wakiamini kwamba Mungu amekuwa mtu, akili itatupwa, kila mwenye ndoto atajiita nabii, haki itamezwa na huruma, na mhalifu atajiona mshirika wa Mungu kwa kuwa yeye anapenda kutenda makosa na Mungu anapenda kusamehe. Ni hoja nzuri. Mkristo anayeisoma bila kujisikia vibaya hajaisoma.

Halafu, kuelekea mwisho, sintaksia inaporomoka. Vishazi vinakatika. Zinakuja sentensi fupi fupi, moja baada ya nyingine, za mtu anayejitetea kama mtoto aliyekamatwa: kwamba amejaribu kuwa mwema, kwamba hupiga mswaki usiku, kwamba hapendi kufanya hivi, kwamba anawatakia watu wote furaha. Hakuna hoja mpya iliyoingia. Urefu wa sentensi tu ndio uliobadilika. Kwa mabadiliko hayo Auden ameonyesha kitu ambacho insha ya falsafa ingekihitajia kurasa nyingi: maadili ya Herode yana kila kitu isipokuwa sababu ya kukataa pale utaratibu wenyewe unapodai damu. Na hasira yangu kwa Herode inachelewa kufika, kwa sababu kwa kurasa kadhaa nimekuwa nikikubaliana naye. Huyu si yule Hitler wa ubeti wa pili wa shairi la baa, anayechunguzwa kwa mbali kama mgonjwa. Auden amempa muuaji elimu yake mwenyewe, wema wake mwenyewe, hata meno yake safi.

Mfululizo wa Horae Canonicae, uliotungwa kati ya 1949 na 1954 na kukamilika katika kitabu The Shield of Achilles cha 1955, ndio unaokwenda hadi mwisho wa njia hii. Ni mashairi saba, kila moja limepewa jina la kipindi cha sala ya kitawa: Prime, Terce, Sext, Nones, Vespers, Compline, Lauds. Siku ni Ijumaa Kuu. Msomaji wa Kiingereza lazima aelezwe kwamba Terce ni saa tatu, Sext saa sita na Nones saa tisa, kwa kuwa saa yake inasema tisa, kumi na mbili na tatu. Sisi bado tunahesabu saa kama Injili inavyohesabu, na kusulubiwa kwa saa sita na kufa kwa saa tisa hakutugeuzi kuwa wageni wa kale. Ni mchana wa kawaida, jua la utosi.

Na ukawaida huo ndio umbo zima la mfululizo. Kifo chenyewe hakisimuliwi popote. Katika “Prime” mtu anaamka, na kwa sekunde chache kabla jina na kumbukumbu havijamrudia, yu safi kama Adamu. Kisha mwili unakuwa wake, na pamoja nao hatia ya siku inayoanza. Katika “Terce” mnyongaji anaagana na mbwa wake na kwenda kazini, hajui leo ataletewa nani. Jaji anafunga polepole mlango wa chumba ambamo mkewe anaumwa kichwa. Mshairi anazunguka bustanini kabla ya kuanza kuandika. Watatu hao wamo katika shairi moja, na sintaksia haimpi mshairi heshima zaidi ya mnyongaji: kila mmoja amepewa asubuhi yake, na kila mmoja anaomba siku ipite salama. Mhanga peke yake ndiye anayejua jioni italeta nini.

“Sext” ina sehemu tatu. Ya kwanza inawasifu watu waliozama katika ufundi wao, mpishi, mpasuaji, karani, kwa macho yasiyotoka kwenye kazi. Ya pili inawasifu wenye mamlaka, hata wale wasiopendeka, kwa kuwa bila wao pasingekuwa na mji. Sifa zote mbili ni za dhati. Na bila ufundi huo na mamlaka hayo, kifo cha Ijumaa ile kisingepata watendaji. Sehemu ya tatu inauhusu umati, ambao hauna kazi wala amri, unatazama tu. Hapa ndipo penye kauli ninayoiona kuwa kilele cha safari yote. Si kila mtu awezaye kuwa fundi, wala kila mtu awezaye kutawala, lakini kila mtu, bila ubaguzi, anaweza kujiunga na umati. Kwa hiyo, anasema Auden, ni kwa sababu ya umati tu tunaweza kudai kwamba watu wote ni ndugu.

Iweke kauli hiyo karibu na ubeti wa nane wa 1939. Kule undugu ulikuwa amri, ulitolewa kutoka kiti cha baa, na ulihitaji tishio. Hapa undugu ni ukweli uliokwisha kutokea, na ni ukweli wa aibu: sisi ndio tuliosimama kwenye kilima kile tukatazama. “Sisi” hii haina mwalimu. Ule ukumbi wa Yorkville umerudi, ila Auden hayuko tena nyuma akiwatazama wanaopiga kelele, amehesabiwa nao. Na “Nones”, linalofuata, linafunguka ndiyo kwanza imefika saa tisa: umati umetawanyika, maiti ipo, kila mtu anatafuta kivuli alale na kisingizio cha kulalia. Beti ni ndefu na nzito, zinajikokota kama baada ya mlo wa mchana, na visingizio vinapangwa humo bila hasira.

Kuna pingamizi ambalo silipuuzi. Mjane wa Warsaw wa mwaka 1939 ana haki ya kuuliza kama “sisi” hii si njia ya kuwaficha wenye hatia miongoni mwa wengi. Wote wakiwa na hatia, nani atahukumiwa? Kama mfululizo ungekuwa shairi moja, pingamizi lingeshinda. Lakini Auden ameugawa mchana kwa saa na watu kwa kazi zao. Mnyongaji ana asubuhi yake, jaji ana yake, anayetoa amri ana sehemu yake katika “Sext”; kila mmoja amehesabiwa kwa alichofanya kabla hajaunganishwa na wengine. Hata “Vespers”, ambapo mpenda bustani ya zamani na mpenda jamii kamilifu ya kesho wanapishana magharibi kwa kudharauliana, inawalazimisha wote wawili, kwa muda mfupi, wakumbuke mhanga ambaye juu ya damu yake ukuta wa kila mji unasimama. Huo ndio msingi wa maadili ambao Auden aliufikia: deni kwa mtu fulani aliyeuawa. Haufuti hukumu. Unamnyima hakimu ruhusa ya kujiona hakuwepo.

“Lauds”, la mwisho, lina mishororo inayojirudia kwa mtindo wa nyimbo za kale za Hispania, jogoo na kengele na kijiji kinachoamka. Ni zuri, ila kazi kubwa imekwisha kufanyika katika “Compline”, shairi la usiku linalolitangulia. Nafsineni yuko kitandani, anajaribu kuikumbuka siku, na anagundua kwamba kati ya saa sita na saa tisa hakumbuki lolote. Shahidi amekosekana ndani ya mshtakiwa. Basi anageukia sala ya wafu ya Kilatini, ile inayoomba ukombozi, na kuiombea nafsi yake na mtu mwingine mmoja aliyetajwa kwa herufi tu, C, ambaye wasomi wengi wanakubaliana kwamba ni Chester. Mwaka 1941 Auden alikuwa amemkiria kwamba alikuwa karibu kuwa muuaji. Katika shairi hili amemweka kwenye sentensi ileile anayojiombea yeye mwenyewe, na kitenzi kilekile kinawatumikia wote wawili.